Muhula Uliokataa Kwisha

Shangazi yangu wa Pajulu alikuwa na shingo ndefu, na shingo hiyo ilimpa heshima ambayo hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyeipata. Hii ni zamani, wakati wa Waingereza, wakati wa ugonjwa wa malale. Daktari alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka na karani wake. Watu wanapangwa mstari kwenye banda la nyasi, na kila mmoja anashikwa shingo kwa vidole viwili kutafutwa tezi. Siku moja daktari aliposhika shingo ya shangazi alicheka, akasema neno, karani akatafsiri: "Anasema shingo yako ni safi kuliko zote za leo." Basi, hayo tu.

Malale yakapungua, daktari akaacha kuja. Watu walifurahi, wakarudi kwenye mashamba yao ya ulezi. Shangazi hakurudi kwenye chochote. Kila ilipofika majira ya daktari alioga, akajipaka mafuta ya simsim, akavaa kitambaa chake kizuri, akaenda kukaa bandani peke yake, shingo wazi. Jua likipanda sana anarudi. Ukimuuliza, "Shangazi, daktari alikuja?" anajibu, "Leo hakuja," kama vile jana alikuja.

Alipokufa, banda lilikuwa limebaki nguzo sita. Tuseme ukweli, nne niliziiba mimi. Ule mti hauliwi na mchwa. Nilizifunga kwenye baiskeli, nikazisukuma mpaka Arua mjini, nikajenga kibanda sokoni, nikauza angara. Kama humjui, angara ni samaki wetu wa mtoni, anapasuliwa, anatiwa chumvi, anakaushwa juani mpaka anakuwa mgumu kama soli ya kiatu. Harufu yake hainitoki hata leo, na mke wangu anasema ndiyo sababu mbu hawanipendi.

Kibanda changu kilitazamana na veranda ya duka la Mhindi. Wahindi walipofukuzwa, duka alipewa mwanajeshi mmoja. Aliuza vilivyokuwemo kwa mwezi mmoja na nusu, kisha akapiga kufuli akaenda zake, maana hakujua vitu vingine vinatoka wapi. Ikabaki veranda. Na kwenye veranda hiyo, mwaka uliofuata, alikuja kukaa mtu ninayetaka kumsema.

Sisemi alizaliwa wapi wala mtoto wa nani. Miaka ile ukoo wa mtu ulikuwa kama kidonda, mwenye akili hakigusi mbele za watu. Sisi tulimwita Mwanafunzi. Wauza mihogo walimwita Mwanafunzi, askari walimwita Mwanafunzi, na mke wangu akimtengea enya, ule ugali wetu wa muhogo, alisema, "Mpelekee Mwanafunzi, hajala tangu asubuhi." Alipofika alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alipoondoka alikuwa na mvi pembeni mwa kichwa, na bado tulimwita Mwanafunzi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea kwa uangalifu kama mtu mwenye yai mfukoni. Alikuwa na jalada la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani ya jalada hilo ndimo maisha yake yote yalikuwemo, na alinionyesha wiki ya kwanza tu, kwa sababu nilimuuliza, na hakuna mwingine aliyemuuliza.

Alisoma chuo cha biashara Kampala. Akaniambia kwamba huko miaka ya mwanzo wanafunzi wote wanalazimishwa masomo yaleyale, lakini muhula wa mwisho, yaani miezi minne ya mwisho, kila mmoja anachagua masomo matatu anayoyapenda mwenyewe.

"Kuchagua?" nikamuuliza. "Unachagua wewe?"

"Mimi mwenyewe, Mzee."

Nilishangaa sana. Mimi shule niliishia darasa la pili. Baiskeli yangu aliichagua kaka yangu, mke nilichaguliwa na baba yangu, na alichagua vizuri sana, sisemi vibaya, lakini si mimi niliyechagua. Na huyu kijana alikuwa amechagua vitu vitatu kwa muhula mmoja! Alichagua Matangazo, Bima, na Biashara ya Nje.

Sasa shida. Walimu wa masomo hayo walikuwa wageni, na wageni walikuwa wameondoka. Wanafunzi waliochagua masomo hayo walikuwa watatu tu. Chuo kikawaambia: rudini kwenu, kaeni mahali penye biashara, jifunzeni kwa macho, halafu mfanyabiashara mwenye laiseni aandike kwenye fomu kwamba mmejifunza. Ukirudi na fomu, unapewa cheti. Bila fomu, hakuna cheti, na miaka yako yote ya nyuma inakuwa moshi.

Fomu ilikuwa na mistari minne. Jina la mfanyabiashara. Anauza nini. Bidhaa zake zinatoka wapi. Sahihi.

Wewe unayesoma leo unaona ni kitu kidogo. Sikiliza. Chumvi yetu ilitoka Kongo. Sabuni ilitoka Kongo, na vitenge, na betri za tochi. Samaki walikuwa wa mto wetu, lakini chumvi iliyowakausha ilivuka mpaka juu ya kichwa cha mwanamke, kwa njia ya porini. Nani ataandika jina lake, na chini yake aandike hivyo, na chini yake atie sahihi, karatasi iende Kampala? Watu ambao majina yao yalifika Kampala kwenye karatasi tuliwajua. Tulijua kwa sababu wake zao walipita sokoni wakiuliza kama tumewaona.

Basi alikuwa anahitaji kitu kimoja tu duniani, jina la mtu, na hicho ndicho kitu ambacho Arua nzima ilikuwa imekificha.

Alijipangia masomo kama chuoni. Jumatatu na Jumatano saa nne Matangazo, Jumanne na Alhamisi Bima, Ijumaa asubuhi Biashara ya Nje. Saa ikifika anasimama kwenye veranda, anafungua daftari, anaita majina. Wale wengine wawili waliochagua naye aliwaita kwanza. Anaita la kwanza, anangoja, anaandika "hayupo." Anaita la pili, anangoja, anaandika "hayupo." Kisha anaita jina lake, anajibu, "Nipo," na anakaa kusoma.

Sokoni walicheka mpaka wakachoka. Palikuwa na Hajati mmoja, mama wa Kinubi aliyeuza chai na zile chapati laini za kwao, gurusa, pembeni mwa veranda hiyohiyo. Yeye hakuchoka.

"Ee Mwanafunzi," anamwita, "hao wenzako wawili, mwalimu atawapiga lini?"

"Wana udhuru, Hajati."

"Udhuru gani?"

"Mmoja yuko Kenya, nasikia."

"Na wa pili?"

Mwanafunzi akainamia daftari. Hajati akamimina chai, akampelekea, hakudai kitu. Na kesho yake alikuja na swali lilelile, kwa sababu Hajati alikuwa mtu wa namna hiyo, mkono mtamu na mdomo mchungu.

Nikueleze habari ya Matangazo, maana iliniumiza mimi. Alisema kibanda changu hakisemi. Duka ni lazima liseme. Akachukua mfuniko wa sanduku, akatafuta rangi nyekundu, akaandika kwa herufi nzuri: ANGARA SAFI WA MTO. KARIBUNI WOTE. Akautundika. Kwa kweli ulipendeza. Siku mbili niliuza kuliko wiki.

Siku ya tatu ilisimama Landrova ya jeshi. Askari mmoja akashuka, akasoma kwa sauti, polepole, kidole hewani. Akageuka kwa wenzake.

"Wanasema karibuni wote."

"Wote ni nani?" mwenzake akauliza.

"Wote ni sisi."

Wakachukua mafungu manne makubwa, wakanishukuru, wakaenda. Mwanafunzi alisogea, akalisoma tangazo upya. Mwisho akaniambia, "Mzee, tangazo lilifanya kazi. Kosa letu ni kwamba hatukuchagua wasomaji." Nilitaka kumpiga. Lakini ukiangalia vizuri, alisema kweli, na katika nchi ile nzima ni yeye peke yake aliyekuwa anafundisha kutangaza vitu wakati kila mwenye kitu alikuwa anakificha chini ya kitanda.

Bima nayo alimweleza Hajati. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, na Hajati alisikiliza mikono kiunoni.

"Ngoja," akasema. "Mimi nalipa leo kwa nyumba itakayoungua kesho."

"Ndiyo, Hajati."

"Na isipoungua?"

"Basi unamshukuru Mungu."

"Mungu namshukuru bure! Kwa nini nilipe mutu wa Kampala?"

Soko lote likaanguka kicheko. Hata yeye alicheka, na kucheka kwake kulikuwa nadra, kulikuwa kama kukohoa. Lakini hakuacha. Somo lake lilimtaka aulize watu ishirini wanaogopa kupoteza nini, aandike orodha. Akaanza kuzunguka. Alitegemea watu watasema nyumba, baiskeli, ng'ombe. Mtu wa kwanza akasema, "Mume wangu." Wa pili akasema, "Kaka yangu." Alipofika tena kwa Hajati, Hajati hakufanya mzaha. Mtoto wake wa kiume alikuwa kambini mbali, na tangu Ramadhani hakuleta salamu.

"Andika," akamwambia. "Andika mtoto wangu. Halafu niambie hiyo bima yako inalipa nini."

Mwanafunzi alishika kalamu. Hakuandika. Alifunga daftari, akaketi karibu na jiko la Hajati, akawa anampepea moto mpaka saa ya kufunga soko. Kesho yake aliniambia, "Bima nimemaliza, Mzee." Alhamisi iliyofuata hakuisoma tena. Lakini majina aliita.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alijua kanuni zote za kuuza, na yeye mwenyewe hakuweza kununua hata nyanya. Mwenye nyanya akitaja bei, anatoa. Nikamuuliza kwa nini habishani, akasema bei ni neno la mtu, na hapendi kumwambia mtu kwamba neno lake si kweli. Sasa mtu wa namna hiyo utampeleka wapi kwenye biashara? Alipiga shati pasi kila siku kwa pasi ya mkaa ya Hajati, lakini viatu vyake vilicheka mbele. Kazi alizipata, aliandikia watu barua, alipima pamba, alifundisha hesabu misheni wakati wa likizo, na kila mara wakitaka kumwajiri moja kwa moja anasema, "Siwezi, niko katikati ya muhula." Hajati alimtafutia mke mara mbili. Wasichana wazuri, mmoja wao alijua kushona. Jibu likawa lilelile: baada ya muhula. Hajati akanong'ona kwangu, "Huyu muhula wake iko na ndevu sasa."

Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kwake. Hakuna somo Jumapili. Wakristo wanaenda kanisani, sisi tunakunywa kwete, pombe yetu ya kienyeji, Hajati anakaa na wanawe. Nilimwona mara nyingi amekaa verandani na daftari limefungwa magotini, anaangalia barabara tupu. Nilipita na baiskeli. Nilimpungia mkono. Kusimama, mara nyingi sikusimama, na sababu yake nitakuambia.

Mara moja tu alikwenda Kampala. Alipanda lori la tumbaku, akarudi siku ya sita. Nilimlazimisha aseme. Akasema chuo kipo, mlango upo, karani yupo. Karani aliangalia fomu, akamwambia, "Hii haina sahihi." Mwanafunzi akamweleza kwamba watu wanaogopa. Karani akaangalia nyuma yake kama kuna mtu anasikia, akamwambia kwa sauti ndogo, "Hata mimi naogopa. Lakini bila sahihi haiingii." Akamrudishia. Aliniambia habari hiyo bila hasira. Alisema karani alikuwa mtu mzuri.

Sasa nikueleze Koboko, ndipo utajua kwa nini sikusimama zile Jumapili.

Soko la Koboko linakusanya nchi tatu. Watu wa Kongo wanaingia upande huu, watu wa Sudani upande ule, na kila mtu ana binamu kila upande. Nilikuwa naenda huko siku ya soko kutafuta chumvi. Na kule kulikuwa na adabu moja ya biashara ambayo hata mtoto aliijua. Humuulizi mtu mzigo wake umetoka wapi. Unamuuliza, "Mzigo umelala wapi?" Naye anakujibu, "Umelala nyumbani," au "Umelala Dranya," na wote wawili mnajua kwamba mzigo unaweza kulala mahali popote, kama mgeni, na mgeni haulizwi alikotoka. Hapo ndipo mnaanza bei.

Mwanafunzi aliniomba twende pamoja, kwa ajili ya Biashara ya Nje. Alisema mwalimu wake kabla ya kuondoka alimwambia ana bahati, kwao ni mlango wa nchi tatu. Njiani nilimweleza mambo mengi. Adabu hii sikumweleza. Nilidhani anajua. Nani hajui?

Tulifika jua limepanda. Nilikuwa bado nafungua kamba za baiskeli nilipomwona amechuchumaa mbele ya mama mmoja wa Lurujo mwenye beseni la chumvi. Daftari gotini, kalamu mkononi.

"Shikamoo, Mama. Hii chumvi imetoka wapi?"

Mama alichukua kanga yake, akafunika beseni, polepole, kama mtu anafunika maiti. Aliyekaa pembeni naye akafunika. Kisha wa tatu. Nakuambia, mstari wote ule ulifungika kama mdomo. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekimbia. Watu walibeba mabeseni vichwani, wakaondoka mmoja mmoja, na ilipofika saa ya chai soko la Koboko lilikuwa limebaki mbuzi na wauza vyungu.

Mtu mmoja niliyemjua, aliyeniuzia chumvi miaka, akaja kusimama karibu nami.

"Mzee, huyu mutu wako iko kazi gani?"

"Mwanafunzi tu."

"Mwanafunzi ya nani?"

Kwa miezi mitatu hakuna aliyeniuzia chumvi Koboko, na angara wangu walioza, na mimi na mke wangu tulikula tulichokuwa nacho, nacho kilikuwa kidogo.

Tulirudi kwa miguu, nikisukuma baiskeli. Tulipofika mahali penye mteremko Mwanafunzi akasimama, akafungua jalada, akaniambia kwa adabu sana, "Mzee, nimeona leo kwamba hakuna atakayeandika. Umebaki wewe. Una laiseni."

Nikaona jina langu linaenda Kampala ndani ya jalada lile. Nikamwona mke wangu anapita sokoni akiuliza.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sijui kuandika."

Uongo. Darasa la pili ni kidogo, lakini jina langu najua. Laiseni yangu ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya kibanda, na chini yake sahihi yangu, kubwa, na kamkia nilikokaongeza kwa majivuno. Alikuwa anaiona kila siku.

Aliniangalia. Akafunga jalada. "Haya, Mzee," akasema. "Basi nitakufundisha."

Na alinifundisha. Hiki ndicho kitu ninachokionea haya kuliko zile nguzo. Alinipanga saa kumi jioni, baada ya masomo yake. Aliongeza jina langu kwenye orodha, nikawa wa nne. Akiliita, mimi nakuwa naosha meza ya samaki, najibu, "Nipo," na uso wake unafunguka, unaona kabisa unafunguka. Nilikaa verandani, kalamu kwenye vidole vinavyonuka angara, na nikajifanya mjinga. Herufi niliyoijua tangu utoto niliipindisha makusudi. Nikipata tatu za kwanza, kesho yake nazisahau. Nilihesabu hivi: siku nitakapojua jina langu, ataleta fomu. Basi nisijue. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Nikichoka na uongo wangu nakaa mbali naye wiki nzima, napita na baiskeli, napunga mkono. Kisha narudi.

Hajati aliniambia siku moja, "Wewe ndiye mutu mpumbavu kuliko wote Arua, au mwerevu kuliko wote."

Yeye Mwanafunzi hakunikaripia hata mara moja. Alishika mkono wangu, akauongoza. "Taratibu, Mzee. Hakuna haraka." Na siku hizi ninapofikiri, nadhani alijua tangu kule kwenye mteremko. Mtu aliyesoma karatasi zote za dunia asisome laiseni iliyo mbele ya pua yake? Nadhani alipima. Upande mmoja fomu, upande mwingine mtu mmoja anayejibu "nipo" saa kumi jioni. Sikuwahi kumuuliza. Ningemuulizaje?

Mwaka wa sabini na tisa uliingia. Vita ilikuwa kusini, halafu ikawa inapanda kuja kwetu. Magari ya askari yakaanza kufika Arua yamebeba friji na vitanda, na askari wenyewe hawana kofia. Watu wakasema wanaokuja nyuma yao watalipiza kwetu, kwa kuwa aliyetawala alitoka upande wetu. Hajati alifunga jiko lake asubuhi moja, akapakia wajukuu kwenye lori, akaenda Sudani. Yule mtoto wake wa kambini hakuonekana kati ya waliorudi.

Mimi na mke wangu tulifunga baiskeli, tukamwambia Mwanafunzi twende. Nilitegemea atasema muhula. Hakusema. Alichukua sufuria kubwa ya mke wangu, akaiweka kichwani, jalada kwapani, akatufuata. Siku mbili tulitembea. Alikuwa mzuri njiani kuliko siku zote nilizomjua. Alimwimbia mjukuu wa mtu asiyemjua. Alimwambia mke wangu tukifika ng'ambo atafungua shule ya watoto, hata chini ya turubai, na mke wangu akamwambia, "Na mimi nitakupikia, mwanangu, na mke tutapata hukohuko." Akakohoa kile kicheko chake.

Tulipita Koboko mchana. Barabara ya mpakani ilijaa watu, wote uso upande mmoja. Tukakaa kupumzika, na mpaka wa nchi ukiwa bado saa chache mbele. Na mimi, kwa nini sikunyamaza? Nilijisikia mwepesi. Laiseni nilikuwa nimeichoma jikoni siku tulipotoka. Kampala ile niliyoiogopa haikuwepo tena. Jina langu halikuwa na hatari yoyote sasa, na nilitaka kulipa deni la moyo kwa kitu ambacho hakikunigharimu. Nikamwambia, "Lete ile karatasi."

"Karatasi gani, Mzee?"

"Lete. Unajua."

Alifungua kamba kidogo kidogo. Fomu ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, ameiunga nyuma kwa uji wa muhogo. Niliiweka juu ya tandiko la baiskeli. Nikaandika jina. Nikaandika samaki. Kwenye mstari wa tatu akaniandikia yeye, nilivyomtajia: samaki mto, chumvi Kongo. Nikatia sahihi, mara moja, bila kusita, na kale kamkia.

Aliangalia kamkia kale muda mrefu.

"Umejifunza haraka leo, Mzee," akasema.

Sikuweza kumtazama. Alipuliza wino. Alikunja karatasi, akaiweka ndani, akafunga kamba kwa mafundo mawili. Kisha akasimama, akachukua sufuria, akaiweka mbele ya mke wangu kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Hapa mbele utaibeba mwenyewe."

"Unakwenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Chuo. Serikali mpya ikiingia inafungua shule kwanza."

"Wewe iko na wazimu?" nikamwambia. Nilimshika mkono wa shati. "Huko iko vita! Kesho kutwa Arua itakuwa moto. Vuka na sisi, fomu haiozi, utaipeleka mwakani."

"Mzee," akasema, na aliutoa mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa ananifundisha, "muhula umekwisha."

Mke wangu alianza kulia. Akanigeukia mimi, si yeye, akasema, "Ungeacha tu kuandika. Miaka yote uliacha. Leo ungeacha pia."

Mwanafunzi alikuwa ameshaingia barabarani. Watu wote walikuwa wanakuja, yeye peke yake anakwenda, na kwa kila aliyekutana naye aliinama kidogo, akampisha, akasema, "Samahani. Samahani, Mama. Samahani."